Sahani ya Firigisi kwa Mchina wa Jette

Numbi,

Ulitoka mgahawani kwa Mchina bila koti. Nimelileta. Liko juu ya valizi zako, valizi zako ziko kwenye korido, na mimi nimekaa jikoni nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Vizuri. Kwenye simu ningepiga kelele. Nakuandikia Kiswahili cha masista walionifundisha kusoma kule Lubumbashi, maana kile chetu cha nyumbani, nikikasirika, kinakimbilia matusi chenyewe.

Sitakwambia uvae nini wala usali saa ngapi. Montréal unakokwenda kuna baridi, umeshaambiwa na kila mtu. Una diploma yako ya uuguzi, una miguu, una mdomo. Mambo ya soksi mwulize baba yako.

Bon. Mchana wa leo uliniomba kitu kimoja tu. Kesho asubuhi nije uwanja wa ndege, nisimame upande mmoja, baba yako asimame upande mwingine, tukupake pemba wote wawili, ule udongo mweupe, kama wazazi wa kwetu wanavyompaka mtoto anayekwenda mbali. Nikakujibu, "Pemba yangu hutaipata." Nilisema polepole ili Madame mwenye mgahawa naye asikie kule kwenye kaunta. Ukalia. Mimi nikaendelea kula kwa sababu wali ulikuwa unapoa.

Barua hii ni jibu langu la pili. Isome mpaka mwisho kabla hujaamua kama bado unaitaka pemba ya mkono wangu.

Nianze na ule mgahawa, maana wewe uliukuta tu. Tulipohamia huku Jette kwa Wabelgiji, mimi na baba yako, wewe ukiwa bado tumboni, hatukujua kwamba pale watu hununua chakula wakaenda nacho kwao. Tuliona taa nyekundu, tukaona samaki kwenye tangi la kioo, tukaona meza moja na viti vitatu, tukakaa. Meza yenyewe ilikuwa ya watu wanaosubiri mifuko yao. Madame akatuletea chakula kimefungwa, na baba yako akafungua mfuko palepale, akaomba sahani. Madame akasema hapa ni pa kuchukua tu, Monsieur. Baba yako akamwambia kwamba kwetu mtu hapewi chakula mlangoni akafukuzwa nacho, hata mgeni asiyejulikana hukaribishwa akae. Alisema kwa heshima kabisa, amevaa tai. Yule mama wa Kichina akamtazama, akaingia nyuma, akarudi na sahani za kwake mwenyewe, zile anazolia chakula na mumewe. Kuanzia siku ile meza ikawa yetu. Wazungu wa Jette walikuwa wakisubiri wali wao wamesimama ukutani, wanatutazama tunavyokula, na baba yako alifurahia hilo kuliko chakula.

Alikuwa anapendeza, baba yako. Sitakuficha. Vile vikombe vidogo vya pombe ya wali, vyenye picha ya mwanamke uchi ndani kwenye kitako, siku tuliyokwenda na mchungaji alikaa ameziba kikombe kwa kidole gumba chakula kizima, mchungaji akidhani anasali juu ya kinywaji. Nilicheka hadi tumbo likaniuma. Yaani hata leo nikikumbuka nataka kucheka, na nikitaka kucheka nakasirika.

Firigisi zilianza hivyohivyo. Madame na mumewe walikuwa wanakula zao kule nyuma, za kukaangwa na tangawizi na pilipili, na baba yako akasikia harufu. Haziko kwenye zile picha za vyakula za ukutani. Wabelgiji hawazili. Akaziomba. Na Madame, ambaye alikuwa ameshamshindwa kwa habari ya sahani, akamshindwa kwa firigisi pia. Ikawa kila dimanche tukitoka kanisani, kabla hatujaagiza kitu, sahani ndogo ya firigisi inawekwa mbele ya baba yako. Mbele yake tu. Wewe unajua kwetu firigisi ni ya nani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya bwana wa nyumba, na mwanamke anayeila ametangaza kwamba nyumba yake haina mwanamume. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote akafa hajaionja. Mimi nilikuwa nazitazama zinaisha moja moja kwenye ile sahani, na hakuna hata mara moja aliyoniambia, shika, onja. Sikumlaumu. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kisha akaondoka. Ulikuwa bado mdogo, unavaa ile kagoule ya kijani, kofia ya kufunika kichwa na shingo. Hakunipiga, hakunitukana, alikunja mashati yake vizuri kuliko nilivyowahi kumkunjia, akaenda Charleroi kwa mwanamke mwingine. Nikamwambia kwa simu, ukitaka kumwona mtoto, rudi nyumbani umwone nyumbani. Nje ya hapo huna mtoto. Wewe nikakwambia papa iko mu safari.

Dimanche iliyofuata nilikuvalisha, nikakupeleka kwa Mchina. Madame akaja na ile sahani, akatazama kiti. Nikamwambia Monsieur yuko safarini, weka tu. Akaiweka mbele ya kiti kitupu. Ulikuwa na njaa, ukanyoosha mkono, nikakupiga vidole na kijiko. "Ya papa." Ukarudisha mkono. Tukala wali na kuku wetu, wewe na mimi, huku firigisi zikipoa bila mlaji, na tulipoondoka Madame akazirudisha nyuma.

Mwanzoni niliamini. Nataka ulijue hilo, kwa sababu yanayofuata ni mabaya na sitaki uyachanganye na hili. Niliamini kweli kwamba mwanamume anayewekewa sahani atarudi kuila.

Sasa sikiliza.

Leo, ulipoivuta ile sahani mbele yako ukaanza kula firigisi mbele ya macho yangu, moja, ya pili, unatafuna huku machozi yanakutoka, ulisema, "Maman, minachoka. Papa haiko mu safari. Papa anakulaka hapa kila jeudi, na miye nakulaka naye. Tangu niko mutoto." Na mimi nikaweka uma chini, nikakuuliza, "Tangu lini?" Nikakuuliza, "Hapahapa? Kwa meza hii?" Ukanieleza yote. Jinsi ulivyonidanganya kwamba jeudi, siku ya Alhamisi, una mazoezi ya kwaya. Jinsi alivyokuwa anakungoja nje ya shule. Jinsi alivyokuapisha usiniambie. Numbi, ulikuwa unaongea kama mtu anayetapika. Na mimi nilikuacha umalize, ndipo ukaomba ile pemba.

Nilikuwa najua.

Najua tangu ile jeudi niliyobadilishana zamu na mwenzangu pale hospitali, nikapanda tramu mapema. Tramu ilisimama kwenye taa, mbele ya Mchina, na nilikuona. Kagoule yako ya kijani ilikuwa imetundikwa kwenye kiti changu. Nilishuka kituo kilichofuata nikarudi kwa miguu, nikasimama upande wa pili wa barabara, kwenye mlango wa famasi. Madame alileta sahani ya firigisi. Baba yako akachukua moja kwa uma wake, akaipuliza ipoe, akakulisha. Ukala. Akachukua nyingine, akakulisha. Mnacheka.

Mwanamke wa Charleroi niliweza kumvumilia. Wanaume huondoka, si mimi wa kwanza. Lakini ile firigisi. Miaka yote ile nimekaa mbele ya ile sahani, mimi mke wake wa ndoa, nikaambiwa na macho yake kwamba si yangu. Wewe, mtoto wa kike, hujui hata kufunga viatu, unapulizwa ipoe. Pale mlangoni kwa famasi nilikuchukia. Si yeye, wewe. Nimeliandika, na sitalifuta.

Mama mwingine angevuka barabara. Angeingia, angempiga baba yako na mkoba, watu wangepiga simu polisi, na yangeisha siku ileile. Mimi nilirudi nyumbani nikapika maharagwe. Ulipokuja nikakuuliza, "Kwaya ilikuwa namna gani?" Ukasema, "Muzuri, maman." Nikakupakulia.

Halafu dimanche nikakupeleka kwa Mchina.

Unakumbuka zile dimanche. Ulidhani mama yako ni mjane wa mtu aliye hai, masikini, anangoja. Kumbe nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa naiacha sahani ipoe, kisha nakuuliza, "Papa iko anakula nini saa hii, unawaza?" Na wewe, "Sijue, maman." Nakuuliza, "Unamukumbuka sauti?" Unasema, "Kidogo." Nilikufanya usali kabla ya kula, kwa sauti, Mungu amrudishe papa kutoka safari, mikono yako imefumbatana juu ya ile meza uliyokula naye siku tatu tu kabla. Nilikuwa nasema amina. Nilikuwa naona masikio yako yanavyowaka. Mara moja ulikimbilia choo cha Madame ukatapika, nikasikia kupitia mlango, nikaongeza mchuzi kwenye wali wangu. Uliporudi nilisema ni uduvi, uduvi wa hapa si wazuri.

Nilikuwa nangoja uniambie. Huo ndio ukweli wake wote. Nilijiwekea kwamba siku utakayoniambia mwenyewe, bila kubanwa, nitakukumbatia na itakuwa imekwisha. Kwa hiyo nilikubana kila wiki ili nione kama utasema bila kubanwa. Unaona akili ya mama yako. Ukakua, matiti yakaota, ukaanza kuvaa miwani, na hakuna kati yetu aliyetaja tena safari. Safari ya Charleroi, ambako treni inafika kabla hujamaliza gazeti. Lakini sahani ilikuwa inakuja na wewe ulikuwa unakaa kimya mbele yake, na mimi nilikuwa nahesabu ukimya wako kama wizi.

Mama za kanisani walikuwa wanasema, Maman Numbi ni mvumilivu, hajaolewa tena, hajamsema mumewe vibaya hata siku moja. Walinipa mimi mabinti zao niwafunde kabla ya ndoa. Nikawafunda. Numbi, kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka nyumba hii, kibebe hiki. Watu wakikusifu kwa uvumilivu, rudi nyumbani ujichunguze. Wangu ulikuwa chuki iliyokaa wima na kuvaa vizuri. Chuki ya kupiga kelele inachoka jioni ikalala. Ile ya adabu inaamka na wewe, inapiga mswaki, inakwenda ibadani.

Na usimwonee baba yako huruma ukadhani yeye ndiye mwema wa hadithi hii. Alikupa firigisi na siri kwenye uma mmoja. Mtu mzima anataka kumwona mtoto wake, aje agonge mlango, nimtukane, amwone. Aliogopa mdomo wangu, akaona ni rahisi zaidi mzigo ubebwe na mtoto. Alikuwa anajua kabisa kwamba dimanche unakaa kwenye meza ileile na mimi. Alikuwa anakuuliza, sivyo? Maman alivaa nini, maman alisema nini. Nimekisia. Nikikosea utaniambia, au usiniambie.

Wote wawili tulikukalisha kwenye kile kiti ili tuzungumze sisi kwa sisi. Utakutana na watu wengine wa namna hii, hospitalini, kwenye ndoa, kanisani, watu wanaokukaribisha mezani ili wamtazame mwingine kupitia kwako. Chakula kitakuwa kitamu. Inuka. Uliinuka leo, umechelewa, lakini uliinuka, na uliinuka bila koti.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya wewe kutoka, kwa sababu hukukiona.

Nilibaki nimekaa. Watu wawili walikuwa wanasubiri mifuko yao, walitazama samaki. Madame akawapa vyao, wakatoka. Kisha akaja, akavuta kiti cha baba yako, akakaa. Tangu tuanze kwenda pale sijawahi kumwona akikaa upande wetu wa kaunta. Amezeeka, uliona mikono yake? Akasema kwa kile Kifaransa chake cha maneno machache kwamba aliniona. Siku ileile. Aliponyanyua kichwa kutoka kwenye sahani ya baba yako aliniona mlangoni kwa famasi, na akajua kwamba nimeona. Kwa hiyo kila dimanche alipokuwa akileta sahani alikuwa anajiambia, leo huyu mama atasema. Leo atamfungua mtoto. Alileta sahani mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

Unakumbuka mara moja, ulikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, alisimama nyuma yako akaniambia, "Assez, Madame. La petite." Yaani yatosha, mtoto anaumia. Wewe ulidhani anasema habari ya chakula kingi. Nikamjibu ashughulike na wali wake. Leo nilikumbuka na nikaona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa kwake yeye kwanza, mtu baki. Kwako ilikuja baadaye, nilipokuwa nimebeba koti lako barabarani.

Ulikuwa umebakiza firigisi moja. Madame akaisukuma kwangu. Kwa kidole kimoja tu. Nilitazama mlangoni, sijui nilikuwa namtafuta nani, nikaila.

Ngumu kidogo. Ina tangawizi. Unatafuna, unatafuna, inaisha. Nilikaa pale nimefunga mdomo nikingoja nisikie kitu, na hakuna kilichokuja. Ndicho hicho nilichokupigia vidole na kijiko.

Alors. Jibu langu.

Sitakuja uwanja wa ndege. Usifikiri ni kukuadhibu, au fikiri, nimekuzoeza. Lakini sababu ni hii. Nikija, baba yako atakuwepo na lile koti lake la sufu, na mimi nitakuwa nimevaa nguo niliyoichagua kwa ajili yake. Nitatazama kama amenenepa. Nitatazama kama amevaa pete. Nitamsikiliza anavyokuita kwa jina na nitaanza kuhesabu. Mkono wangu utakuwa kwenye kipaji cha uso wako, na macho yangu yatakuwa kwake. Wewe utapita pale kwenye mlango wa wasafiri na mimi sitakuwa nimekuona. Utoto wako wote nimeuona hivyo, nimekaa mbele yako nikitazama kiti cha pembeni. Sitaki na mwisho wake uwe uleule.

Nakujua. Utakuja asubuhi mapema kuchukua mizigo, macho yamevimba, umelala Etterbeek kwenye kochi la rafiki yako. Utakuwa umejiandaa kuniomba msamaha. Usiniombe. Nikikuona nitaanza upya, nitakuuliza jambo moja dogo tu la ile miaka, halafu la pili, na ndege yako itaondoka tukiwa tumesimama mlangoni. Najijua pia.

Kwa hiyo valizi zitakuwa nje, kwenye ngazi. Koti limekunjwa juu yazo, barua iko mfukoni mwa koti. Usigonge mlango. Sitafungua. Nitakuwa nyuma yake nimesimama, na nitakusikia unavyoshuka.

Ile pemba niliyonunua kwenye maduka ya Waafrika kule Matonge mwezi uliopita, ulipopata barua ya kazi, ilikuwa imekaa ndani ya kikombe kwenye kabati. Nilikwambia mchana hutaipata kwa mkono wangu, na neno langu sirudishi. Nimeilowesha maji, nimeipaka kwenye mpini wa valizi kubwa, pande zote, mpaka umekuwa mweupe. Unapoanza barua hii pengine umeshaushika. Tazama kiganja chako.

Usikifute mpaka ufike.

Maman